Mgeni siku ya tatu: jinsi ya kuzoea maisha ukiwa mwanafunzi wa kubadilishana ughaibuni

Kilichonishinda siku ya kwanza ughaibuni hakikuwa lugha wala shule. Kilikuwa bomba la bafuni. Nililizungusha kulia, nikalizungusha kushoto, maji yakawa yanatoka ya baridi tu. Niliona haya kuuliza, kwa hiyo nilioga maji hayo siku tatu mfululizo. Siku ya nne mama wa nyumba ile alisikia nikihema kwa baridi, akagonga mlango na kuniambia huku akicheka: vuta kwanza, ndipo uzungushe. Kumbe ndiyo hayo tu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tatizo la mwanafunzi wa kubadilishana ni kwamba jembe lenyewe hapewi. Wenyeji wanamwonea huruma, wanasema mwacheni apumzike, na wiki ya tatu inamkuta bado amekaa mkao wa mgeni, hajui sahani zinawekwa wapi. Kwa hiyo jembe itabidi ulitafute mwenyewe.

Hatua ya kwanza: kabla ya kupanda ndege

Elewa unakwenda kama nani. Programu kubwa za kubadilishana wanafunzi wa sekondari zilizaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. AFS, ambayo awali ilikuwa kikosi cha madereva wa kujitolea wa magari ya wagonjwa, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1947. YFU ilifuata mwaka 1951 kwa kuwapeleka vijana wa Kijerumani Marekani. Nia ilikuwa kijana akae nyumbani kwa watu, ale nao, akosane nao na apatane nao. Ndiyo maana familia zinazopokea wanafunzi katika programu za aina hii kwa kawaida hujitolea tu, hazilipwi. Hapa vijana wengi hukosea. Wazazi wao wametoa ada kubwa kwa programu, wanadhani sehemu yake imefika kwa familia, basi wanakaa kama wapangaji waliolipia chumba. Mwenyeji aliyekufungulia mlango bure akiona unamchukulia kama mhudumu wa hoteli, hatasema kitu, lakini atachoka mapema.

Upande wa karatasi, usimwachie mzazi kila kitu. Jua jina la viza yako na masharti yake. Anayekwenda Marekani kusoma sekondari kwa mpango wa kubadilishana hupewa viza ya J-1 pamoja na fomu ya DS-2019 (hati ya kuthibitisha kwamba programu imempokea), na anatakiwa awe na umri wa kati ya miaka 15 na 18 na nusu programu inapoanza. Anayekwenda nchi za Schengen (zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja) kwa muhula au mwaka mzima asidhani viza ya kawaida ya siku 90 itamtosha. Atahitaji viza ya kitaifa ya muda mrefu, na mara nyingi, akishafika, kibali cha ukaazi chenye tarehe ya mwisho ya kuombwa. Piga picha pasipoti, viza, kadi ya bima na kadi ya chanjo, uzitume kwenye barua pepe yako. Nakala za karatasi ziweke kwenye begi tofauti na lile lenye karatasi halisi. Dawa unazotumia zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na maandishi ya daktari.

Umeme nao una mambo yake. Marekani hutumia volti 120, Japani 100, na sehemu kubwa ya dunia kati ya 220 na 240. Soma maandishi madogo kwenye chaja yako. Yakisema 100–240, adapta ya plagi peke yake inatosha. Pasi na mashine za kukaushia nywele mara nyingi hazikubali volti zote, kwa hiyo ziache nyumbani.

Kisha iandikie familia barua ya kweli. Usiwaandikie kwamba unapenda muziki na kusafiri, maana hilo kila mtu huandika. Waambie usichokula, unaswali au unasali saa ngapi, nini kinakuletea mzio, unaogopa nini. Kuna mwenzangu aliyeogopa mbwa kupita kiasi na hakusema. Alifika akakuta mbwa wawili, na wiki nzima ya kwanza aliishi chumbani.

Hatua ya pili: siku tatu za kwanza

Ukivuka kanda nyingi za saa, mwili wako utabaki nyuma. Kwa makadirio ya kawaida unahitaji siku moja kwa kila saa ya tofauti, na kuelekea mashariki huchosha zaidi kuliko kuelekea magharibi. Lala kwa saa ya huko, toka nje upate mwanga wa jua, na usingizi wa mchana usizidi nusu saa hata kama kope zinauma. Tuma ujumbe nyumbani kwamba umefika salama, kisha weka simu chini.

Jioni ya siku ya pili, ukiwa umepata akili kidogo, omba mtu mmoja wa nyumba akutembeze nyumba nzima, na ubebe daftari. Hili ndilo jambo moja ambalo, kama nusu ya mwongozo huu ingepotea, ningependa libaki. Kila nyumba ina sheria zisizoandikwa, na wenyeji hawawezi kukutajia kwa sababu wenyewe hawazioni tena. Inabidi uziulize moja moja, hata zile zinazoonekana za kitoto:

- Bafu linatumika saa ngapi asubuhi, na mtu anaoga kwa dakika ngapi? Taulo likilowa linaanikwa wapi?
- Kwenye friji, kipi naweza kuchukua bila kuuliza na kipi ni cha mtu?
- Nguo chafu naweka wapi? Nafua mwenyewe au zinafuliwa pamoja, na nguo za ndani je?
- Mlango wa chumba ukifungwa unamaanisha sitaki kusumbuliwa, au unaonekana kama nimenuna?
- Niwaite nani? Kwa majina yao, au mama na baba?
- Natakiwa kurudi saa ngapi siku za shule, na nikichelewa nimpigie nani?
- Mwisho wa kutumia simu na intaneti usiku ni saa ngapi?
- Viatu vinavuliwa wapi?
- Takataka zinatengwa vipi?
- Nikiumwa usiku, nimwamshe nani?

Usicheke swali la takataka. Kuna nchi ambako karatasi, plastiki, chupa na mabaki ya chakula kila kimoja kina pipa lake na siku yake. Ukichanganya, jirani atawalalamikia wenyeji wako, na wewe hutajua kwa nini chakula cha jioni kimekuwa kimya.

Swali la majina nalo lina uzito wake. Aliyelelewa kumwamkia mkubwa kwa heshima hupata taabu kumwita mtu wa miaka 50 kwa jina lake tupu. Mimi ulimi ulikataa kabisa mwezi mzima, nikawa najizungusha nisimwite mtu yeyote kwa jina lolote, nasubiri anitazame ndipo niseme. Mwishowe nilimweleza mama mwenyeji kwamba kwetu ingekuwa utovu wa adabu. Alishangaa, maana yeye alikuwa akidhani simpendi.

Hatua ya tatu: kamata jembe

Usiulize "Naweza kusaidia?" kila siku. Jibu litakuwa "Hapana, kaa tu", kwa sababu kukuelekeza ni kazi kuliko kufanya wenyewe. Angalia kwa siku chache nyumba inavyokwenda, kisha chagua kazi moja ambayo haihitaji maelezo, useme kuanzia leo hii ni yangu. Kuondoa vyombo mezani baada ya kula, kumtembeza mbwa (kama humwogopi), kutoa pipa nje jioni ya siku yake. Kazi moja isiyokosa kufanywa ina thamani kuliko kazi kumi za siku moja. Baada ya wiki mbili, siku ambayo hujaifanya watagundua, na hapo ndipo unaanza kuhesabiwa mwana wa nyumba.

Chumba chako ukilalie na ukisomee, lakini jioni kaa sebuleni hata kama huelewi wanachokitazama. Kazi yako ya shule ifanyie pale mezani. Maneno mengi utayaokota hapo kuliko darasani, na watu huzoea sura wanayoiona. Aliyejifungia chumbani na simu anadhani anapumzika, kumbe wenyeji wanajiuliza wamemkosea nini.

Kuhusu pesa sina mengi. Kwa kawaida kitanda na chakula cha nyumbani ni juu ya familia, na matumizi yako binafsi (laini ya simu, nguo, matembezi) ni juu yako. Ila mkitoka pamoja, uliza kabla ya kutoka nani analipia nini. Kuuliza mbele ya mtu wa kaunta kunamwaibisha kila mtu.

Hatua ya nne: shule

Wiki ya kwanza shuleni utakuwa kivutio. Watakuuliza unatoka wapi, useme kitu kwa lugha yako, wacheke, wafurahi. Wiki ya pili wanarudi kwa marafiki zao wa tangu darasa la kwanza, nawe unabaki umesimama na sinia la chakula hujui ukae wapi. Hawakukuchukia. Wao maisha yao yalikuwa yamejaa kabla hujafika, na hawana haraka ya kupata rafiki mpya. Mwenye haraka ni wewe, kwa hiyo anza wewe.

Njia inayofanya kazi ni kujiunga na kitu kinachokutana kila wiki na kinachotumia mikono au miguu kuliko mdomo: timu ya mpira, riadha, jukwaa la maigizo (hata kama kazi yako ni kubeba mapazia), bendi ya shule. Pale huhitaji kuwa mchangamfu wala kujua mizaha yao. Unahitaji kufika kila mazoezi. Watu huzungumza wakiwa wanafunga kamba za viatu.

Jifunze kutofautisha mwaliko na adabu. Sehemu nyingine mtu akisema "Lazima siku moja tutoke pamoja" ni salamu tu, ameshasahau. Mwaliko wa kweli una siku na saa. Basi ukisikia maneno ya namna hiyo, wewe ndiye uweke siku: "Jumamosi una nafasi?" Akikwepa mara mbili, mwache, nenda kwa mwingine bila kinyongo.

Wanafunzi wenzako wa kubadilishana kutoka nchi nyingine watakuwa kimbilio lako, na ni sawa. Wanakuelewa kabla hujamaliza sentensi. Lakini nimeona makundi ya wageni waliokaa mwaka mzima wakiongea Kiingereza kibovu wao kwa wao, wakarudi makwao hawajui lugha ya nchi waliyoishi. Kutana nao mara moja kwa wiki, mlie, mcheke, kisha kila mtu arudi kazini.

Mwone kila mwalimu mwanzoni, peke yake, baada ya kipindi. Mwambie unaelewa kiasi gani na umwombe jambo moja mahususi: kukaa mbele, kutumia kamusi, au kupata maswali siku moja kabla. Mwalimu asiyeambiwa hudhani ukimya wako ni uvivu.

Hatua ya tano: lugha

Usikubali usichokielewa. Mimi nilikuwa nikisema "ndiyo" kwa kila kitu ili mazungumzo yaishe, hadi siku nilipokuta jina langu limebandikwa ukutani kama mwimbaji wa peke yake kwenye tamasha la shule. Nilikuwa nimekubali mwenyewe, mbele ya mashahidi. Kwa hiyo sentensi za kwanza za kukariri ziwe hizi: sijaelewa, rudia polepole, neno hili maana yake nini, nionyeshe. Ukishazimudu hizo nne, unaweza kuishi.

Kwenye daftari usiandike maneno pekee, andika sentensi nzima kama ulivyoisikia, pamoja na nani aliisema na kwa hasira au kwa utani. Omba mtu mmoja tu wa nyumba, tena mmoja, awe anakusahihisha. Wakikusahihisha wote utaacha kuongea. Watoto wadogo ndio walimu bora kuliko wote: hawana subira ya uongo, wakikusikia umekosea wanakuambia, na hawachoki kurudia.

Kichwa kitauma jioni miezi miwili ya mwanzo. Kusikiliza lugha ngeni siku nzima ni kazi ngumu, kwa hiyo lala mapema bila kujiona mzembe.

Hatua ya sita: simu ya nyumbani

Pangeni siku moja ya wiki na saa moja mnayoijua wote, na ukiwa na hamu katikati ya wiki andika ujumbe. Anayeongea na kwao kila usiku anaishi kwao, mwili tu ndio uko ughaibuni. Na kuna hili ambalo wazazi wetu walituficha: ukimpigia mama saa nne usiku ukilia kwa sababu mtu kakusemesha vibaya, wewe utalala na asubuhi utasahau, yeye atakaa macho wiki nzima. Lakini jambo zito, la ugonjwa au la usalama, usilisubirishe hadi siku ya simu.

Hatua ya saba: miezi inayouma

Mwanzoni kila kitu kinapendeza. Kisha, kwa wengi mahali fulani kati ya wiki ya sita na mwezi wa nne, kinageuka. Unalala sana. Unachukia namna wanavyofunga milango. Unahesabu siku. Unaona kwenu kila kitu kilikuwa sawa, hata vile ulivyokuwa ukivilalamikia.

Hali hii ina jina, mshtuko wa utamaduni, na mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliieleza katika makala ya mwaka 1960 iliyoeneza jina hilo. Kabla yake, mwaka 1955, Sverre Lysgaard alichapisha utafiti wake kuhusu Wanorwei waliokwenda Marekani kwa masomo na utafiti. Aliona waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na hali ngumu kuliko waliokaa pungufu au zaidi ya hapo, na kutokana na hayo ukapatikana ule mchoro wa herufi U unaoonyeshwa kwenye semina za wanafunzi hadi leo. Watafiti waliofuata wamegundua kwamba si kila mtu hupita njia hiyo. Wengine huanza chini kabisa na kupanda taratibu. Usiukariri mchoro. Chukua hili tu, kwamba kuvunjika moyo mwezi wa tatu hakumaanishi umechagua nchi mbaya.

Katika wiki hizo usifanye uamuzi mkubwa. Punguza simu, ongeza kutembea kwa miguu. Pika chakula chenu uwape wenyeji, hata kikiungua. Mwambie mtu mmoja wa nyumba kwa maneno mepesi: nina huzuni, si kosa lenu. Ukimya ndio huwafanya wadhani wamekukosea. Ila kama huli, hulali kwa wiki kadhaa, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, hiyo si hali ya kungoja ipite. Mwambie mratibu wa programu yako, mshauri wa shule au daktari siku hiyo hiyo.

Hatua ya nane: mambo yakienda kombo

Kila programu makini inakupa mratibu wa eneo, mtu mzima asiyeishi nyumba yenu. Katika programu za J-1 za sekondari anatakiwa kuwasiliana nawe, na na familia pia, angalau mara moja kwa mwezi. Namba yake iwe kwenye simu na pia kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima siku mbaya.

Kwa migongano ya kawaida (kelele, usafi, saa za kurudi) ongea kwanza na familia yenyewe, mezani, mchana, kabla hujajaa hasira. Ikishindikana, mwite mratibu. Kuhama familia si aibu wala kushindwa. Katika mpango wa vijana wa Rotary, chama cha kimataifa cha vilabu vya kujitolea, mwanafunzi wa mwaka mzima kwa kawaida huishi na zaidi ya familia moja, na hakuna anayehesabu kwamba amefukuzwa.

Usalama ni habari nyingine kabisa. Mtu yeyote akikugusa usivyotaka, akikutisha, akikunyima chakula, akikuficha pasipoti yako au kukukataza kuongea na kwenu, usianze kwa kumwogopea heshima yake. Toka, mpigie mratibu, piga namba ya dharura: 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya, 911 Marekani na Kanada. Kwingineko uijue namba hiyo wiki ya kwanza.

Nawe una mipaka yako. AFS inakataza mwanafunzi kuendesha gari, kutumia dawa za kulevya na kuomba lifti kwa watu asiowajua barabarani, na Rotary nayo hairuhusu mwanafunzi kuendesha gari. Watu wamerudishwa nyumbani katikati ya mwaka kwa mzunguko mmoja wa gari la rafiki kwenye uwanja mtupu wa maegesho. Soma sheria za programu yako kabla hujaweka sahihi, kwa sababu kusema hukuzisoma hakutakuokoa.

Jambo moja la mwisho ambalo wengi hulikumbuka wakiwa tayari uwanja wa ndege. Mwezi mmoja kabla shule haijafunga, nenda ofisini uombe matokeo yako yenye mhuri na sahihi, pamoja na maelezo mafupi ya kila somo na saa ulizosoma. Shule yenu itayadai ili ikuingize darasa linalostahili. Ofisi za shule hufungwa likizo ikianza, na kuandikiana barua pepe na ofisi iliyofungwa, ukiwa bara jingine, kunaweza kukuchukua muhula mzima.